Mpira Usio na Kwao

Siku ya msiba wa Fundi, Mwenye Gereji alisimama mbele ya watu, akakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta maneno, akasema: "Ndugu zangu, huyu mzee wetu, katika kazi yake yote ya ufundi, hakuwahi kukosea. Narudia. Hakuwahi kukosea." Watu wakaitikia, naam, naam. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, kwenye mkeka, nikaguna. Niliguna kwa nguvu mpaka jirani yangu akanifinya paja.

Niliguna kwa mambo mawili. La kwanza, anayesema hivyo ndiye aliyekuwa akimwita Mganga wa Matambara mtu akiwa hai, anamsikia. La pili, ni uongo. Fundi alikosea. Mimi najua alikosea wapi, gari gani, mpira upi. Na kule kukosea kwake kulikuwa na maana kuliko kupatia kwao wote waliokuwa wamekaa kwenye vile viti vya kukodi. Sasa hata hilo wamemnyang'anya.

Mimi sikusoma. Nasema, mjukuu wangu anaandika, na nimemwambia akirekebisha neno langu hata moja leo hatalala na shibe.

Mambo ya Fundi alizaliwa wapi, baba yake nani, babu yake alitoka upande upi, kawaulizeni wenye daftari la msiba. Mimi nilimjua pale Mirongo, kwenye benchi langu la uji, ukuta mmoja na gereji. Pale alikuwa Fundi basi. Mafundi walikuwa wengi, ila ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu anajua unamsema nani.

Alikuwa mrefu, amepinda kiuno kidogo kwa kuinamia maboneti. Hata akikusalimia anakuwa kama anakuangalia injini. Ovaroli yake imepigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Nilimuuliza, akanijibu kwa ile sauti yake ya puani, taratibu, kama anamwaga oili kwenye chupa yenye mdomo mdogo: "Mama Uji, gari la mtu ni nyumba ya mtu. Unaingia nyumba ya mtu umekunjamana?" Basi anaingia na mistari ya pasi, saa nne ashakuwa kama aliyetolewa shimoni. Kesho tena pasi.

Uji anakunywa bila sukari. Anatangaza mbele ya watu kwamba sukari ni ya watoto. Nikigeuka kuchochea mkaa, nasikia kijiko kinagonga kopo la sukari, ting, mara mbili. Miaka yote ile nilijifanya kiziwi.

Ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, anasema muulize gari. Kwenye magari alikuwa na adabu, kwa wenye magari hana. Na jambo lililokuwa linanichekesha kuliko yote: hakujua kuendesha. Kweli tena. Alikuwa anaogopa. Anakuja kwa miguu, anaondoka kwa miguu. Gari akilitengeneza analiwasha pale pale uwanjani, anaweka sikio, anaomba kikombe changu cha uji, anakiweka juu ya injini inayounguruma. Uji ukitulia, gari limepona. Ukitikisika, anarudi chini ya boneti. Nikamwambia siku moja, "Fundi, si uzunguke nalo hata mpaka mtoni?" Akasema, "Daktari wa uzazi anazaa mwenyewe?" Nikacheka. Laiti ningemkatalia.

Kitu alichokuwa anakichukia ni kuziba.

Niwaeleze, maana hata mimi nilielezwa. Gari la zamani, hasa haya ya spoti ya kijapani, ndani ya boneti lina mipira myembamba mingi, imepitana kama wavu uliotupwa na mlevi. Injini inavuta hewa, na kwa ule mvuto wake inafanya kazi nyingi kupitia ile mipira: huu unasaidia breki, huu unavuta taimingi, ile saa ya cheche za plagi, huu unarudisha moshi kidogo ndani uungue tena usitoke kuua watu. Sasa mipira inazeeka, inapasuka. Fundi wa kawaida hajui unatoka wapi unaenda wapi. Anakata, anachomeka bolti mdomoni, anafunga waya. "Ziba tu, tajiri, litatembea." Hiyo ndiyo sauti yao. Wanasema huku wanajifuta mikono, hawakuangalii. "Ziba tu, bosi, hayo mambo ni ya Ulaya."

Fundi wetu akisikia hivyo anaacha hata uji. "Mtu ana kikohozi, umemfunga mdomo. Ni kweli hakohoi tena." Halafu anamalizia na lile neno lake, ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu: "Kila mpira una kwao."

Basi likaja gari jekundu.

Lilikuja limevutwa kwa kamba. Milango miwili, taa zake zinainuka kama macho ya chura. Mwenyewe mzee mmoja mstaafu, Mjita, mtu wa kofia. Akakaa kwenye benchi langu kabla hata hajamuona fundi, akaanza: "Mama, hili gali nilinunua kwa mzungu wa mgodini, lilikuwa linakimbia kama swala. Sasa linanuka petloli mpaka mke wangu anasema nimeoa pampu. Kwenye taa za balabalani linatetemeka. Mafundi watano wamelishika." Nikamwambia, "Watano wamelishika ndio maana linatetemeka." Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Alikuwa anataka jambo moja tu, ampeleke mkewe kwa binti yao Shinyanga, kwa gari lile, mkewe akiwa amekaa ndani bila kujifunika pua.

Wakati huo Mwenye Gereji alikuwa ameshamleta Injinia kutoka Dar. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati ndani ya suruali, ana kompyuta ya kuchomeka kwenye magari. Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi ni alivyokuwa akipita kwenye benchi langu bila salamu, kama anapita kwenye mti. Mwenye Gereji akamwambia Fundi mbele yangu, "Mzee, nafasi ni finyu hapa. Hilo jekundu ndilo la kukupimia. Ukiliweza unabaki pale pako ukutani. Likikushinda, pale namkabidhi Injinia."  Fundi akafungua boneti.

Ndani mabolti yamejaa kwenye midomo ya mipira. Fundi alihesabu, akaacha kuhesabu. Halafu akanionyesha kitu upande wa ndani wa boneti. Kiwandani walibandika karatasi yenye mchoro wa mipira yote, kila mmoja na njia yake. Waliopaka gari rangi mpya wameipaka na ile karatasi. Nyekundu tupu. Fundi akaigusa kwa kidole. "Mtu amepaka rangi macho yake mwenyewe," akasema. Siku hiyo hakugusa kijiko cha sukari.

Akaanza kuitafutia mipira njia, mmoja mmoja. Anaweka mpira mdomoni, anavuta pumzi, anaziba kwa ulimi, anasubiri. Ukimng'ang'ania ulimi, kilichoko upande wa pili ni kizima. Ukiachia, kimepasuka. Nikasema na mimi nijaribu, nikabaki nimening'inia pale kama sato kwenye ndoana, yeye anacheka, uji wangu unaungua.

Shida ikawa alama. Kalamu inafutika kwa oili. Karatasi ya gundi inabanduka kwa joto. Nikamwambia, "Mimi sijui kusoma, ila sijawahi kupoteza sufuria. Kila kifuniko nakijua kwa kitambaa chake." Nikamtolea fuko langu la vipande vya khanga na vitenge vilivyochakaa, vya kushikia sufuria. Hapo ndipo tulipoanza. Anapata njia ya mpira, anafunga kitambaa huku na huku, anauambia mpira njia yake kwa sauti, na mimi nasikiliza maana benchi liko hapo hapo na mdomo wake haukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Khanga nyekundu ya marehemu dada yangu, ule mpira mnene wa breki. Kitenge cha kijani nilichovaa harusi ya mwanangu, ule mwembamba unaotoka chini ya kabureta kwenda kuvuta taimingi. Cha njano, valvu ya kurudisha moshi. Shuka la bluu, ule unaotoka kwenye kopo la mkaa.

Kopo la mkaa nalo, siku aliyoniambia, nilimwambia aache kunitania, mimi ni mtu mzima. Akaniapia. Gari lina kopo jeusi lina mkaa ndani. Mvuke wa petroli ukitoka kwenye tanki unanaswa na ule mkaa usitoke nje kunuka, halafu injini ikiwaka inauvuta inauchoma. Nikafurahi siku nzima. Nikawaambia wateja, hata gari la mzungu linapikia mkaa, nyie mnanicheka jiko langu.

Chini ya lile kopo kulikuwa na mpira mmoja mfupi. Huo tulifunga kaniki nyeusi. Nitaurudia.

Akamaliza kuunganisha, akataka kujua wapi panavuja. Akachukua kopo la maziwa, akatia makaa yangu na kitambaa chenye oili, akachomeka bomba, akapuliza moshi ndani ya injini kwa pampu ya mguu. Pale palipopasuka moshi ukatoka uzi uzi, ukamwonyesha. Mtu mwenye akili angepiga makofi. Mwenye Gereji na Injinia wakaja kusimama ukutani, mikono mfukoni. Injinia akasema, na ile sauti yake ya kuteleza: "Ee bwana ee, leo kuna tambiko. Matambara, moshi, bado kuku tu." Mwenye Gereji akacheka akashika tumbo: "Mganga wa Matambara." Na jina likabaki.

Mimi naigiza kila mtu, wananijua. Namuigiza mwenyekiti wa mtaa, namuigiza padri. Utani naujua. Lakini macho yangu ni mekundu kwa moshi wa jiko wa maisha yangu yote, na sisi wazee wa huku tunajua neno kama hilo linaanzia kwenye kicheko na linaishia wapi. Bibi zetu wameitwa wachawi, wamekufa kwa rangi ya macho. Nilimuuliza Mwenye Gereji, "Baba, na mimi niliyetoa makaa ni nani, msaidizi wake?" Akasema, "Aa, Bibi, tunataniana tu." Nikamwambia mie sijataniwa.  Fundi alikuwa anaufuata moshi.

Jioni ile gari liliwaka. Kikombe changu kilikaa juu ya injini na uji ukatulia kama maziwa yaliyoganda. Fundi akakinywa pale pale, mbele yao, polepole.

Wiki hiyo hiyo miguu ikamvimba. Binti yake akaja akamchukua, akampeleka kwake Buswelu. Gari likabaki linamsubiri mwenyewe.

Sasa sikilizeni ujinga. Mzee wa kofia akapiga simu anakuja kuchukua gari. Injinia akaona aibu mteja akute injini imevaa matambara. Akasema injini ioshwe ing'ae. Akafungua vitambaa vyote, akachomoa na mipira ili aoshe vizuri, akaipanga juu ya gunia. Ikang'aa kweli. Kuirudisha sasa. Akaleta kompyuta, akazunguka gari zima akitafuta pa kuchomeka. Gari la zamani, halina pa kuchomeka. Mipira iko kwenye gunia inafanana kama dagaa.

Akaja kwenye benchi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umeniona."

"Bibi, ee, vile vitambaa. Unakumbuka kipi kilikuwa wapi?"

Vitambaa vyangu alikuwa ameshavitupa. Khanga ya dada yangu. Nilitaka kumwagia uji, Mungu ananijua. Nikaona sura ya Fundi, nikaona pale pake ukutani, nikaona kile kiti chake cha ndoo ya rangi. Nikamwambia, "Mimi sikumbuki. Ila yeye anakumbuka." Nikasimama kwenye boneti, nikapinda kiuno, nikatoa ile sauti ya puani.

"Huyu mwembamba anatoka chini ya kabureta, upande wa moyo, anapita nyuma ya chujio, anakwenda kuvuta taimingi. Asibanwe. Huyu mnene ni wa breki, huyu usimfanyie mchezo, huyu ni roho ya watu." Nikaenda hivyo mmoja mmoja, maana maneno yake ninayo na kukohoa kwake ninako. Injinia anachomeka, anatoka jasho, shati limetoka kwenye suruali. Nikafika kwenye ule mfupi wa chini ya kopo la mkaa, wenye bolti. Nikasema kama alivyosema yeye: "Huyu wa kaniki amelala. Msimuamshe." Alikuwa amelisema haraka, akitazama pembeni. Na mimi nikalisema haraka nikatazama pembeni, maana ninapomuigiza mtu namuigiza na macho. Sikujiuliza kwa nini.

Likawaka. Mzee wa kofia akaja, akasikiliza, akavua kofia. Injinia akasema, "Tumelipima kwa kompyuta, mzee wangu. Mambo ya kisasa." Mzee akampa mkono. "Kweli elimu ni nzuli." Mimi nimesimama na upawa mkononi. Hakuna aliyegeuka.

Siku ya tatu mzee akarudi. Akakaa kwenye benchi, kofia ameikunja. "Mama, nimepata aibu. Tumepita Usagala, kidogo tu, gali likazima. Mke wangu ameshuka kwenye jua. Akaja deleva wa loli, akasema fungua kifuniko cha tanki. Nikafungua, likafanya hivi," na mzee akanifanyia ule mlio kwa mdomo wake. "Likawaka. Mbele kidogo likazima. Nafungua, linalia, linawaka. Tumeludi nyumbani namna hiyo, tunasimama kila kilima. Mke wangu hataki kunisemesha."

Injinia akainamia boneti, akatoka na uso wa mtu aliyeokota pochi. "Kuna bolti huku. Hii siyo yangu. Hii ni ya mzee wa matambara." Kumbe sasa macho anayo. Mwenye Gereji akasema, "Si nilisema? Yeye wa kutukataza kuziba, kaziba. Kama ana la kujitetea aje aseme. Asipokuja, Ijumaa vyombo vyake vitoke ukutani."

Likiwaka, kompyuta. Likizima, matambara. Nilifunga jiko saa tano asubuhi, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu niwe na jiko, nikaenda Buswelu.

Nilimkuta sebuleni kwa binti yake, amelala kwenye godoro, miguu juu ya mto. Shati limepigwa pasi. Akasema, "Mama Uji, umefuata deni la sukari?" Kumbe miaka yote alijua kwamba najua.

Nikamweleza yote. Nikamuigizia Mwenye Gereji na kikohozi chake, nikamtolea Injinia anavyolizunguka gari na waya mkononi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikafika kwa mzee wa kofia na tanki lake, nikaufanya ule mlio.

Akaacha kucheka. "Rudia."

Nikarudia.

"Hewa ilikuwa inatoka au inaingia?"

"Mie nitajuaje?"

"Yeye alikufanyiaje? Alipuliza au alivuta?"

Nikakumbuka mashavu ya yule mzee yalivyobonyea. "Alivuta. Fyuuu, kwa ndani."

 Binti yake akaleta chai, ikapoa. Ndipo Fundi akasema, "Bolti ni yangu."

Nikasema hapana, Injinia ndiye aliyechomoa yote akarudisha.

"Bolti ni yangu. Ule mpira niliufuata toka chini ya kopo la mkaa. Ukashuka, ukaishia juu ya tairi, mdomo wazi, hewani. Nikasema huu umekatwa, kila mpira una kwao. Nikatafuta kwao siku tatu. Sikupata. Na wale wamesimama ukutani wananiangalia." Akafuta uso. "Nikaziba."

"Wewe?"

"Mimi."

"Ukaniambia amelala."

"Nilikwambia amelala."

"Sasa kwao ni wapi?"

"Hapo hapo. Hewani. Kopo linapumulia hapo. Gari likitembea tanki linapungua mafuta, linataka hewa ya kujaza nafasi. Mimi nimeliziba pua. Hapa uwanjani lisingeonyesha, mpaka liende mbali." Akaitazama miguu yake iliyovimba. "Ningekuwa najua kuendesha, lingeniambia mwenyewe."

Nilimkasirikia. Siwezi kuficha. Nimegombana na watu wazima kwa ajili ya huyu mtu, nimetoa khanga ya marehemu, nimesimama kwenye boneti nimesema uongo kwa sauti yake bila kujua nasema uongo. Nikamwambia hayo yote, na zaidi, hata la sukari nikalitia. Akasikiliza kama anavyosikiliza injini.

Hasira ilipopungua, moyo ukanigeuka, nikawaza pale ukutani. Nikasogea karibu. Nikasema, "Fundi. Anayejua ni mimi na wewe. Injinia alichomoa mipira yote. Nitasema bolti ni yake. Nani atanibishia? Utarudi pale pako."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, umetakata, sikuwahi kuuona umetakata vile.

"Mama Uji," akasema, "na mimi usinizibe."

Nikamwekea vizuri mto wa miguu kwa mkono mwingine. 

"Nenda kawaambie. Ukisema kwa sauti yako watacheka. Sema kwa yangu."

Ijumaa wote walikuwepo: Mwenye Gereji, Injinia, mzee wa kofia na mkewe, mama mmoja mnyamavu, kitambaa amekishika tayari kwa pua. Vyombo vya Fundi vilikuwa bado ukutani. Nikafika mbele ya gari jekundu, nikapinda kiuno, nikainua kichwa nikawaangalia kama injini. Nikasema: "Bolti ni yangu. Nilikosea. Nilitafuta kwao sikupata, nikaona aibu, nikaziba. Itoeni. Mpira uachwe wazi. Kwao ni hewani."

Hakuna aliyecheka. Nimewachekesha wale watu kwa sauti ile siku nyingi, hata yeye mwenyewe akiwepo. Siku ile hakuna. Injinia akainama mwenyewe, akaitoa ile bolti kwa mkono wake, akawa hajui aiweke wapi. Nikaichukua. Mzee wa kofia akawasha, akaondoka na mkewe, na jioni akapiga simu gereji kusema wamefika Shinyanga, na kwamba mama alilala njia nzima, kitambaa kimedondoka chini.

Vyombo vyake vilitolewa vilevile, Ijumaa ile ile, kwa toroli. "Amekiri mwenyewe," Mwenye Gereji akasema. Nikamuuliza, wewe umekiri nini tangu uzaliwe? Pale Mirongo nimeuza uji mpaka mgongo umepinda, nimesikia mafundi wakisema vipuri ni feki, dereva hajui, barabara mbovu, petroli imechanganywa. Neno la "nilikosea" nililisikia siku moja tu, na hata hiyo siku likatoka kinywani kwangu, maana mwenye nalo alikuwa hawezi kusimama.

Hakurudi tena. Nilikuwa nampelekea uji Buswelu Jumapili, naweka sukari mwenyewe.

Ndiyo maana pale msibani niliguna. Jirani aliponifinya akaninong'oneza, "Bibi, nyamaza, si marehemu anasifiwa?"

"Hasifiwi huyo," nikamwambia. "Anazibwa."

Mwenye Gereji alikuwa bado anasema, hakuwahi, hakuwahi. Ile bolti nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nikaishika. Nikainuka kwenye mkeka, nikapinda kiuno kidogo, kama mtu anayeangalia injini.